Una siku moja tu St. Louis: Arch, mahakama ya zamani, Cahokia au Forest Park?

Kila ikifika mwezi wa sita nyumba yangu inakuwa kama stendi ya mabasi. Binamu anashuka kutoka Houston, rafiki anapitia akienda Chicago, mwaka juzi alikuja shangazi yangu kutoka Morogoro akakaa wiki tatu, na wote swali lao ni lilelile, hapa kwenu St. Louis mtu anaenda kuona nini? Wengi wanakuja na jibu lao mfukoni kabisa, wanataka kupanda Arch, lile tao kubwa la kando ya mto Mississippi, wapige picha, warudi. Sio vibaya. Ila nimeishi hapa miaka kumi na moja sasa, nimezungusha wageni wa kila aina, wenye watoto wadogo, wenye magoti mabovu, wenye hela na wasio na hela, na nimeona watu wengi wanapoteza siku yao nzima kwenye foleni ya sehemu moja wakati dakika tano kwa mguu kutoka pale kuna jengo ambalo limebeba historia nzito kuliko zote za mji huu, na wanalipita tu wakitafuta pa kupaki gari.

Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua nimesimama wapi. Kama una siku moja, anzia Old Courthouse, yaani mahakama ya zamani, halafu vuka mto uende Cahokia kwenye vilima vya mji wa kale, Arch uitazame kutoka chini. Ukiwa na watoto au ukiwa huna hela nitakwambia vingine huko mbele.

Kwanza uujue mji kidogo maana bila hivyo utaona chuma na matofali tu. St. Louis, jimbo la Missouri, ilianzishwa 1764 na Wafaransa waliokuwa wanafanya biashara ya ngozi za wanyama, Pierre Laclède na kijana wake Auguste Chouteau. Baadaye ikawa chini ya Hispania, Hispania ikairudisha kwa Ufaransa, halafu 1803 Marekani ikanunua eneo lote lile la Louisiana kutoka kwa Ufaransa kwa dola milioni 15, na Machi 1804 hapa mjini ndani ya siku mbili ikashushwa bendera ya Hispania, ikapandishwa ya Ufaransa, ikashushwa nayo, ikapandishwa ya Marekani. Watu walilala chini ya taifa moja wakaamka chini ya lingine. Wenyeji wa asili wa ardhi yenyewe hakuna aliyewauliza. Kuanzia hapo huu ukawa mlango wa kwenda magharibi, wasafiri wakina Lewis na Clark walianzia safari yao maeneo haya mwaka huohuo, na ndio maana ya ile Arch, ni mlango.

Sasa tuje kwenye Arch yenyewe. Urefu wake mita 192, na upana wa miguu yake kwa chini ni mita 192 vilevile, ingawa ukisimama pale macho yanakataa, unaona kabisa urefu umezidi upana. Imevalishwa stenlesi, ileile ya masufuria, jua likizama inageuka rangi ya machungwa halafu zambarau kidogo halafu inapotea kwenye giza. Aliyeichora ni Eero Saarinen, Mmarekani mzaliwa wa Finland, alishinda shindano la 1948, na kuna kisa chake kizuri, telegramu ya kwanza ya ushindi ilitumwa kimakosa kwa baba yake Eliel ambaye naye alikuwa ameshindana, familia ikampongeza mzee kwanza ndipo ikaja taarifa kwamba mshindi ni mwana. Eero alifariki 1961 kabla hata ujenzi haujaanza. Ujenzi ukaanza 1963, kipande cha mwisho kikawekwa Oktoba 28, 1965, na siku hiyo jua lilikuwa linavimbisha chuma cha mguu wa kusini mpaka pengo halikai sawa, ikabidi wazimamoto waumwagie maji mguu ule upoe. Kampuni za bima zilikuwa zimekadiria watakufa mafundi 13. Hakufa hata mmoja.

Kupanda kwenyewe kukoje? Unaingia chini ya ardhi, unakaguliwa kama uwanja wa ndege, mkanda vua, mfukoni toa, halafu unasubiri zamu yako. Kinachokupandisha sio lifti ya kawaida, ni mlolongo wa vyumba vidogo 8, kila kimoja watu 5, ndani ni cheupe na cha mviringo kama uko ndani ya yai. Mlango ni mfupi, lazima uiname. Mnakaa magoti yanagusana, mlango unajifunga, na kupitia kioo kidogo cha mlangoni unaona ngazi za mafundi na vyuma vya ndani vinapita taratibu, na kila baada ya muda kile chumba kinajinyoosha kwa kishindo kidogo ili kisilale upande maana kinapanda ndani ya mguu uliopinda. Dakika 4 kwenda juu, 3 kushuka. Shangazi alinishika mkono safari nzima akawa anasema kimoyomoyo Baba Yetu uliye mbinguni. Juu kuna madirisha madogo madogo pande zote mbili, unalala kifudifudi kwenye ukuta uliolala ili uchungulie. Mashariki Illinois na mto, magharibi mji. Siku nyeupe unaona mbali sana. Siku ya upepo unasikia sakafu inacheza kidogo, ndivyo ilivyotengenezwa.

Uzuri wake ni huo. Ubaya wake sasa. Tiketi ya kupanda unalipia, na kiangazi usipokata mapema unaweza kufika saa nne asubuhi ukaambiwa nafasi ipo saa tisa. Kiti cha magurudumu hakifiki juu na kuna ngazi za kutosha za kupanda na kushuka kabla na baada, kwa hiyo mzee mwenye magoti usimlazimishe. Mtu anayeogopa sehemu zilizobana ndio kabisa. Lakini makumbusho ya chini yake ni bure, yalifanyiwa ukarabati mkubwa yakafunguliwa upya 2018, mwaka uleule eneo lote lilipopewa hadhi ya hifadhi ya taifa, na mimi nasema kweli makumbusho yale yana mengi kuliko kule juu.

Na kuna mambo mawili usipoambiwa hutayajua ukiwa juu. La kwanza, pale palipo na nyasi nzuri na miti, palikuwa na mji. Kuanzia 1939 walibomoa bloku kama 40 za majengo ya kando ya mto, ile sehemu ya kwanza kabisa ya St. Louis, na kilichobaki kimesimama ni lile kanisa la zamani la Kikatoliki la 1834. La pili, Julai 14, 1964 wakati miguu ya tao inapanda, wanaharakati wawili, Percy Green na Richard Daly, waliukwea mguu mmoja mpaka mita kama 38 juu wakakaa huko masaa wakigoma kushuka, kwa sababu mnara unajengwa kwa hela za umma na mafundi weusi hawapewi kazi za ujuzi. Nikiwa pale na wageni huwa nawaonyesha kwa kidole, wale walifika mpaka pale juu, bila kamba ya watalii.

Sasa vuka barabara. Old Courthouse ndio lile jengo lenye kuba la kijani ambalo kila mtu analipiga picha likiwa katikati ya tao bila kujua ni nini. Kuingia bure. Lilifungwa miaka kadhaa kwa matengenezo, limefunguliwa tena 2025 na maonyesho mapya. Nje kuna sanamu ya mume na mke wameshikana mikono wanatazama mbele, iliwekwa 2012, ni Dred Scott na Harriet Scott.

Hawa walikuwa watumwa. Bwana wao alikuwa daktari wa jeshi, akawahamisha huku na huku, Dred alikaa Illinois, baadaye akiwa Fort Snelling ambako leo ni Minnesota akakutana na Harriet wakaoana, na huko kote utumwa ulikuwa umekatazwa. Waliporudishwa Missouri, Aprili 1846 wakaenda mahakamani, kila mmoja na kesi yake, wakadai uhuru kwa hoja kwamba ukishaishi kwenye ardhi huru umeshakuwa huru. Wala hawakuwa wa kwanza, mahakama za mji huu zilipokea zaidi ya kesi 300 za watu kudai uhuru wao, na wengine walishinda. 1847 wakashindwa kwa sababu ya ushahidi kutokuwa sawa. 1850 ndani ya jengo hilihili baraza la wazee wa mahakama likasema ni huru. Hebu fikiria furaha ya siku ile, wana mabinti wawili, Eliza na Lizzie. Miaka miwili baadaye mahakama ya juu ya Missouri ikafuta, kesi ikapanda mpaka Washington, na Machi 6, 1857 Jaji Mkuu Roger Taney akasoma hukumu kwamba mtu mweusi, awe mtumwa awe huru, hawezi kuwa raia wa Marekani wala hana haki ya kushtaki kwenye mahakama za shirikisho. Hukumu ile ilizidisha moto mpaka ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe.

Familia ya Scott iliachiwa huru miezi michache tu baadaye, kwa hati iliyosainiwa palepale St. Louis na mtoto wa bwana wake wa zamani kabisa. Dred akafanya kazi ya kubeba mizigo hotelini, Harriet alikuwa dobi. Dred akafariki Septemba 1858, alionja uhuru mwaka mmoja na kidogo. Harriet aliishi mpaka 1876, akaona utumwa umefutwa nchi nzima.

Ngazi za nje za jengo lile usizipite haraka. Watu waliuzwa pale, wakati mali za marehemu au za wadaiwa zinapigwa mnada kwa amri ya mahakama, mbuzi, meza na binadamu pamoja. Jirani yangu mmoja Mkongomani, mama wa watoto wanne aliyekaa kambini Nyarugusu miaka mingi kabla hajaletwa huku, alipoelewa hilo alishuka zile ngazi akakaa kwenye benchi kwa muda mrefu hasemi kitu, halafu akaniambia, "Dada, tupande tena. Nataka nipande kwa miguu yangu." Tukapanda tena. Mimi siku ile ndio nilielewa kwa nini siku ya mgeni ianzie hapa.

Ukilinganisha hizi mbili kwa muda, mahakama ya zamani saa moja na nusu inakutosha, Arch ukipanda weka masaa matatu na foleni. Kwa hela, mahakama sifuri. Kwa watoto chini ya miaka kumi, Arch inashinda bila ubishi, mtoto hataki hukumu ya 1857, anataka kile chumba cha yai. Kwa mtoto wa sekondari, hasa mtoto wetu aliyezaliwa huku anayeulizwa shuleni yeye ni nani, mpeleke mahakama kwanza.

Cahokia ni kitu kingine kabisa. Iko upande wa pili wa mto, Collinsville, Illinois, kama robo saa hivi kwa gari ukitoka katikati ya mji. Ukifika unaona nyasi na vilima tu na mgeni anakutazama kama umempoteza. Subiri. Miaka ya 1050 mpaka 1200 hapa palikuwa na mji wa Wenyeji wa Marekani, wataalamu wengi wanakadiria watu 10,000 mpaka 20,000, mji mkubwa kuliko wote tunaoujua kaskazini mwa Meksiko kwa enzi zile. Walijenga vilima kama 120 kwa udongo, na kikubwa kuliko vyote, Monks Mound, kinapanda juu mita kama 30 na kitako chake kimekaa kwenye ekari 14. Hakukuwa na punda, hakukuwa na ng'ombe wa kukokota, hakukuwa na toroli. Udongo wote ule ulibebwa na watu kwenye matenga, tenga moja moja, kutoka kwenye mashimo ambayo mengine bado yanaonekana yamejaa maji mpaka leo.

Unapanda ngazi zaidi ya 150 mpaka juu. Ni mwinuko kweli, lakini kuna pa kupumzikia katikati, na huko juu upepo ni wa kutosha. Chini yako kuna uwanja mkubwa uliosawazishwa kwa mikono, pembeni wameonyesha palipopita ukuta wa magogo, upande wa magharibi kuna duara la nguzo walizotumia kufuata jua na misimu. Na ukiangalia mbali, siku isiyo na ukungu, unaiona Arch kidogo kama pete imeangushwa. Shangazi, ambaye ujana wake alifundisha shule Kilwa, alisimama pale akasema, "Mwanangu, hawa nao walikuwa na mji wao kama wa Kilwa Kisiwani, na sisi shuleni tulifundishwa Marekani imeanza na Columbus." Akakaa chini kwenye majani akavua viatu. Na kweli UNESCO iliziingiza sehemu hizi mbili kwenye urithi wa dunia kwa kufuatana, Kilwa 1981, Cahokia 1982.

Kufikia 1350 hivi mji ulikuwa umebaki mtupu, sababu bado zinabishaniwa. Jina lenyewe walilouita hakuna alijuaye, Cahokia ni jina la kabila lililokuja kuishi maeneo hayo baadaye sana, na Monks Mound imeitwa hivyo kwa sababu ya watawa wa Kitrapisti walioishi karibu miaka ya 1809 mpaka 1813. St. Louis yenyewe ilikuwa na vilima vyake, iliitwa mji wa vilima, ila kile kikubwa kilimalizwa kuchimbwa 1869, udongo ukaenda kufukia na kujengea. Kimebaki kimoja, Sugarloaf, na taifa la Osage, Wenyeji wa Marekani, walianza kukinunua 2009 ili wakirudishe mikononi mwao. Hili linaniuma kila nikipita, kilima cha miaka karibu elfu kinachimbwa kama kichuguu.

Angalizo la Cahokia: hakuna kivuli. Kiangazi nenda asubuhi, beba maji na kofia. Jengo lao la makumbusho lilifungwa 2022 kwa ukarabati, kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani angalia kama limeshafunguliwa, vilima vyenyewe viko wazi. Na bila gari ni shida, panga usafiri wa kurudi pia.

Forest Park naiweka fungu lake kwa sababu ni jibu la mtu mwenye watoto na hela kidogo. Ekari kama 1,300, na ndani yake bustani ya wanyama bure, makumbusho ya sanaa bure, makumbusho ya historia bure. Siku nzima inaisha na hujafungua pochi isipokuwa chakula na kupaki. Hapa ndipo yalipofanyika maonyesho makubwa ya dunia ya 1904, na jengo la makumbusho ya sanaa lile la kilimani ni la wakati ule.

Lakini mwaka ule una upande ambao msomaji wa Kiswahili anapaswa kuujua. Waliwaleta binadamu kuwaonyesha. Wafilipino zaidi ya 1,000 walijengewa kijiji watazamwe, na kutoka Kongo, ile Kongo ya Mfalme Leopold, aliletwa Ota Benga na wenzake, mtu mfupi wa msituni aliyechongwa meno kwa mila ya kwao, akawa anatazamwa na kupigwa picha upande wa magharibi wa maonyesho. Alirudi Kongo, akaletwa tena Marekani, na 1906 akawekwa kwenye nyumba ya nyani New York. Alijiua 1916 akiwa Virginia. Mwaka huohuo wa maonyesho ilifanyika Olimpiki hapahapa, na kwenye marathoni wakakimbia Watswana wawili kutoka Afrika Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani, waliokuja kwa ajili ya igizo la vita ya Makaburu. Wakamaliza wa 9 na wa 12, kati ya 32 walioanza ni 14 tu waliofika mwisho, na Taunyane alitolewa njia na mbwa. Uwanja walioanzia upo bado, Francis Field kwenye Chuo Kikuu cha Washington, jirani na bustani. Makumbusho ya historia yanaeleza habari za 1904 pamoja na huu uchungu wake, na kwa maoni yangu ukienda Forest Park ukaishia kwa tembo umepata nusu.

Kuna na Daraja la Eads, dogo kwa maelezo ila mimi nalipenda. Lilifunguliwa Julai 4, 1874, la chuma, kabla ya hapo walimpitisha tembo ili watu waamini ni imara. Mafundi waliochimba misingi chini ya mto kwenye vyumba vya hewa iliyogandamizwa walipandishwa juu haraka mno na zaidi ya 10 walikufa, damu ilijaa mapovu. Leo unalivuka kwa miguu bure, na treni ya MetroLink inapita sakafu ya chini ya daraja hilohilo. Kama tiketi za Arch zimeisha, nenda hapo jioni, utaiona Arch yote, na mto, na mahakama, bila foleni.

Kwa hiyo nikuulize wewe. Umekuja na wazee? Mahakama asubuhi, makumbusho ya chini ya Arch, mchana mwingine Forest Park ambako kuna viti na vivuli. Umekuja na wadogo? Bustani ya wanyama, na Arch ukate tiketi siku kadhaa kabla, ya asubuhi mapema. Umekuja mwenyewe na miguu yako ni mizima? Kiangazi ule mpangilio wangu ugeuze kwa sababu ya jua: Cahokia saa mbili asubuhi, mahakama saa sita, Eads jioni. Umepita tu una masaa matatu kabla ya basi? Mahakama, halafu kaa kwenye nyasi chini ya tao, lishike kwa mkono, ni la baridi hata kiangazi ukilishika upande wa kivuli.

Na kama muda umebaki na una gari, endesha kaskazini mpaka makaburi ya Calvary. Dred Scott amelala huko, tangu 2023 kuna jiwe jeusi kubwa la kumbukumbu. Watu huacha senti moja moja zenye uso wa Lincoln, rais wa enzi za kufutwa utumwa, juu ya jiwe, zimejipanga, nyingine zimeshashika kutu ya kijani. Harriet hayupo naye, yeye yuko makaburi ya Greenwood, ni safari nyingine fupi kwa gari, na kule senti ni chache, kwa hiyo ondoka nyumbani na mbili.